Pombe Haina Mkono

Mhusika anayependwa kuliko wote katika maigizo ya shule zetu ni mlevi. Hahitaji hata kusema neno. Anaingia na shati lenye vifungo vilivyopishana, mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi gotini, mkononi ana chupa ya maji iliyotiwa chai ya rangi, na kabla hajafika katikati ya uwanja watazamaji wameshashika mbavu. Mwanafunzi anayeigiza mlevi huwa maarufu shule nzima, na wapo wanaoitwa kwa jina hilo mpaka wanamaliza kidato cha nne. Nimeyaona maigizo mengi ya namna hii, kwanza kama mwanafunzi mwenzao, na sasa kama mtu anayesomea shahada ya uzamili katika sanaa za maonyesho. Nina swali moja juu yake. Kicheko kile kinamfundisha nini kijana wa miaka 15 kuhusu mkono unaopiga?

Igizo lililonisukuma kuandika nililiona wilayani Masasi, katika shule moja isiyo mbali na Chidya, wakati wa msimu wa korosho. Sitaitaja shule. Igizo lao lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoyaona, na ndiyo sababu linafaa kuchambuliwa: udhaifu ulio ndani yake ni wa aina nzima ya maigizo haya, wala hautokani na uvivu wa wale vijana.

Hadithi yenyewe ni hii. Baba amelipwa fedha za korosho baada ya mnada. Ameahidi sare kwa binti yake na michango ya shule kwa kijana wake. Njiani anakutana na rafiki zake wawili, wanapita kwa mama anayeuza nipa "kuonja kidogo tu". Anarudi usiku, mifuko mitupu, anadai chakula ambacho hakuacha fedha za kukinunulia. Anampiga mkewe. Binti anapoingilia, anasukumwa hadi chini. Asubuhi anakuja mtendaji wa kijiji na mgambo. Mgambo wanakwenda moja kwa moja kwa yule mama muuzaji, wanamwaga nipa yake, wanamchukua. Baba anapiga magoti mbele ya mke na kusema, "Si mimi, mke wangu, ni pombe." Mke anamwinua. Wahusika wote wanapanga mstari mbele yetu na kutamka kwa pamoja kwamba pombe ni adui wa maendeleo. Makofi.

Kwa msomaji asiyeijua kusini: mkorosho hauzai korosho peke yake. Korosho inaning'inia chini ya bibo, na mabibo yakikamuliwa na kuachwa yachachuke huwa uraka. Uraka ukichemshwa na mvuke wake kukingwa, hupatikana nipa, ambayo ni gongo ya huku kwetu. Utengenezaji wake bila leseni ni kosa kisheria, na kila mtu anajua nyumba inapopatikana. Kwa hiyo zao linaloleta fedha ndilo hilohilo linaloleta kinywaji, na vyote viwili hufika katika miezi ileile. Vijana wale hawakubuni tatizo la mbali. Walikuwa wanaigiza majirani zao, na baadhi yao, nadhani, walikuwa wanaigiza nyumbani.

Ndiyo maana kicheko kilinishangaza. Kofi la kwanza lilikosa, kwa sababu baba aliyumba. La pili nalo likakosa. La tatu lilimpata mama shavuni, na hapo ndipo uwanja ulipolipuka kwa kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Watoto wa shule ya msingi waliokaa mbele kwenye vumbi waliinuka na kuanza kuyumba kama yeye. Kiufundi ilikuwa kazi safi: kukosa mara mbili na kupata mara ya tatu ni kanuni ya kale ya vichekesho, na kijana yule aliijua bila kufundishwa na mtu. Lakini kanuni hiyo ilimfanya mtazamaji alisubiri kofi. Lilipotua, tuliridhika. Tulikuwa upande wa mpigaji bila kujua.

Sasa tazama mwisho wa igizo na ujiulize nani ameadhibiwa. Aliyepiga amesamehewa. Rafiki zake wawili hawakuonekana tena jukwaani baada ya onyesho la kilabuni. Aliyechukuliwa na mgambo ni mwanamke, ambaye hakumgusa mtu. Siwatetei wauza nipa, lakini kwenye benchi la wazazi siku ile huenda alikuwepo mama aliyelipia sare ya mwanawe kwa kuuza uraka, kwa kuwa fedha za korosho zilipitia mikononi mwa baba na hazikufika nyumbani. Mama huyo aliambiwa na watoto kwamba yeye ndiye adui. Baba aliyeketi karibu naye aliambiwa kwamba adui yupo, ila si yeye.

Huu ndio mzizi wa tatizo. Maigizo haya huitwa ya kufundisha uwajibikaji, lakini yanamtafuta mtendaji mwingine wa tendo. Lugha yetu nayo inatusaidia kumpata. Tunasema pombe zimempanda, pombe zimemtuma, pombe zimemharibu. Katika sentensi hizi zote pombe ndiyo inayotenda na mtu ndiye anayetendwa. Baba wa igizo lile alisema sentensi iliyo tayari mdomoni mwa kila mtu wa kijiji, na igizo halikumhoji. Likamwachia iwe kauli ya mwisho ya maana kabla ya kaulimbiu.

Sheria, ambayo mara nyingi huwa ngumu kueleweka, hapa inasema kwa uwazi zaidi kuliko tamthilia. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, hakiukubali ulevi kuwa utetezi katika shitaka la jinai, isipokuwa katika hali chache, kama ile ya mtu aliyeleweshwa na mwingine bila ridhaa yake hata asijue anachofanya. Mahakama inaweza kuuangalia ulevi inapopima kusudio, lakini aliyekwenda mwenyewe kilabuni, akalipa mwenyewe na kuinua bilauri mwenyewe, hawezi kusema tu kwamba ni pombe na mambo yakaisha. Kijana anayemaliza shule akiamini sentensi ya lile igizo ameandaliwa vibaya hata kwa mahakama ya mwanzo.

Tusiwalaumu wanafunzi kana kwamba wameanza wao. Wanaandika kama walivyofundishwa kusoma. Kwa miaka mingi tamthilia iliyosomwa sana katika kidato cha tatu na cha nne ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya Edwin Semzaba. Ngoswe ni karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake Mitomo, kazi inalala, na mwisho karatasi za sensa zinateketea kwa moto. Jina dogo la tamthilia tayari limetoa hukumu: kitovu cha uzembe ni penzi. Lakini isome tamthilia yenyewe polepole. Penzi halikuwa na funguo za ofisi. Ngoswe ndiye aliyekabidhiwa kazi, na kwa hatua ndogondogo, kila moja ikiwa na nafasi ya kurudi nyuma, ndiye aliyeiacha. Uzuri wa kazi ya Semzaba uko katika hatua hizo. Darasani hatuzisomi. Tunaandika ubaoni: dhamira, mapenzi; dhamira, ulevi; dhamira, uzembe; ujumbe, tuache uzembe. Tunamgeuza mtu kuwa orodha ya maovu, kisha tunashangaa wanafunzi wakiandika igizo ambalo uovu unatembea na mtu anaburutwa.

Na jina la Ngoswe lina uzito mwingine. Waswahili husema, ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Ni msemo wa kukataa kuingilia ya watu, na ndio unaosikika usiku pale kelele zinapotoka nyumba ya pili na majirani wanapojigeuza kitandani. Katika igizo la Masasi majirani hawakuwepo kabisa. Hakuna aliyeamka. Watunzi hawakuona kwamba kuna kitu kimekosekana, kwa kuwa hata katika maisha majirani hao hawatokei.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya ipo tayari katika sanaa za maonyesho za jamii, na kwa sehemu ni kweli. Tanzania ina historia ya heshima katika jambo hili. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakawaachia wanakijiji wenyewe wachague tatizo, walichunguze, waliigize na kulijadili. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme, ambao kwa njia hiyohiyo uliwapa wasichana wa shule za sekondari sauti ya kuyasema yanayowazuia kusoma. Kutoka Brazil tukapata mbinu ya Augusto Boal, ambaye alimtaka mtazamaji asimamishe igizo, apande jukwaani, achukue nafasi ya mhusika na ajaribu njia nyingine.

Igizo nililoliona lilikuwa na kipande cha namna hii mwishoni. Mwalimu aliyeongoza mjadala aliuliza, "Je, mama angefanya nini?" Mikono mingi ikainuka. Angemfuata mumewe siku ya malipo. Angeficha fedha. Angenyamaza mpaka pombe zimtoke. Angekimbilia kwa mama yake. Angekwenda Dawati la Jinsia polisi. Yalikuwa majibu ya vijana wenye akili na huruma, na baadhi yanaweza kuokoa maisha ya mtu. Lakini hesabu maswali: kwa dakika karibu 20 aliyechunguzwa ni aliyepigwa. Kwa kipimo cha Boal mwongozaji hakukosea, maana kanuni yake ni kwamba mtazamaji achukue nafasi ya anayeonewa. Boal alihofia kwamba ukiwaruhusu watu wambadilishe mwonevu, watamgeuza malaika kwa dakika moja na kujidanganya kuwa wamepata jawabu.

Hofu yake ina msingi. Hata hivyo kanuni hiyo ilizaliwa mahali ambapo watazamaji wote walikuwa wanaonewa na mwonevu alikuwa nje ya ukumbi. Shuleni kwetu mambo si hayo. Chidya ni jina lililojulikana kwa miaka mingi kwa shule yake ya wavulana, iliyotokana na kazi ya wamisionari wa Kianglikana waliofika Masasi mwaka 1876. Ukiigiza habari ya mume anayempiga mke mbele ya wavulana wa bweni, hutazami wanaoonewa peke yao. Unatazama pia watu ambao baada ya misimu minne au mitano watapokea fedha za korosho zao wenyewe, na kupita njia ileile yenye rafiki wawili. Kwao swali la "mama angefanya nini" ni swali la mtu mwingine.

Nilibahatika kuona jaribio jingine siku mbili baadaye, kwa kundi lilelile, bila wageni wala viti vya wazazi. Mwalimu wa Kiswahili aliwaambia wairudie sehemu ya usiku kwa maneno yaleyale na mapigo yaleyale, ila baba asiyumbe. Aingie amesimama wima, shati limefungwa vizuri, aseme taratibu. Kijana aliyekuwa mlevi alicheka, akaanza, akafika kwenye kofi na kusimama. "Mwalimu, hivi siwezi," alisema. "Nikiwa mzima ntaonekana nimemkusudia."

Sijasoma uhakiki wa igizo lile bora kuliko sentensi hiyo. Mwalimu hakuichambua. Aliwauliza wengine tu, "Na juzi hakumkusudia?" Palikuwa kimya. Msichana aliyeigiza mama ndiye aliyejibu. Alisema kwamba juzi alikosa mara mbili, na mtu anayekosa mara mbili kisha akarudia mara ya tatu anajua anachotafuta.

Kisha walirudi nyuma, kutoka usiku hadi mchana, wakitafuta mahali ambapo baba angeweza kusimama. Mmoja alimsimamisha mlangoni. Mwingine alimsimamisha kilabuni, kwenye bilauri ya pili. Mwingine akasema ni pale alipopokea fedha na kumkuta rafiki yake wa kwanza, kwa kuwa alishajua, kutokana na mwaka uliopita, wanakwenda wapi. Hakuna aliyemgeuza malaika. Kila aliyechukua nafasi ya baba alikutana na rafiki wawili waliomcheka na kumwita mwanamke, na wengi walishindwa. Mmoja aliyeshindwa alisema kilichomshinda kilikuwa aibu, wala hakikuwa kiu. Huo ni ukweli ambao kaulimbiu ya pombe na maendeleo isingeufikia hata ikitamkwa mara mia.

Naijua hoja ya upande wa pili. Ulevi na kipigo huandamana, na wanawake wengi wa nchi hii watakuambia kwamba mume akiwa hajanywa nyumba inalala. Kinywaji hulegeza breki, na kijana anapaswa kuambiwa hivyo. Lakini breki inalegea kwenye gari ambalo tayari linaelekea mahali. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wameshapigwa au kudhuriwa mwilini tangu wafike miaka 15. Utafiti huohuo uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali angalau sababu moja. Swali hilo liliulizwa na kujibiwa na watu wenye akili zao timamu. Ruhusa ya kupiga ilikuwepo kabla ya chupa kufunguliwa, na hata shuleni, ambako kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu hadi viboko 4, mtoto hujifunza mapema kwamba mkubwa aliyekasirika ana haki ya fimbo. Mlevi wa igizo hakuizua ruhusa hiyo. Aliichukua njiani.

Nikiwaza juu ya haya narudi kwenye elimu iliyokuwepo kabla ya shule. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alijulikana kwa kujaribu kuupa jando sura ya Kikristo badala ya kuupiga marufuku. Alitambua kwamba Wamakua, Wayao na Wamakonde wa eneo hili walikuwa na namna yao ya kumfanya mtoto awe mtu mzima, na kwamba ilifanya kazi kwa ngoma na maigizo. Miongoni mwa Wamakonde, juu ya uwanda wa Newala na ng'ambo ya Ruvuma, kuna ngoma ya vinyago, midimu kama inavyoitwa huku, mapiko kule Msumbiji. Mtoto huambiwa kwamba kile kinachocheza si mtu, ni mzimu, naye hukimbia. Waliochunguza ngoma hiyo wameandika tangu zamani kwamba moja ya mafunzo ya jandoni ni kuonyeshwa kilichomo ndani ya kinyago. Ndani yumo mtu. Huenda ni mjomba wako.

Sidai kwamba jando lilifundisha wanaume kutopiga. Ushahidi wa mambo unanikataza. Nadai jambo dogo zaidi, la kisanaa. Mafunzo yale yalijua kwamba kukua ni kuvuliwa hofu na kisingizio kwa pamoja. Ukishajua yumo mtu ndani ya kinyago, huwezi tena kukimbia kama mtoto, na siku ukikivaa wewe, huwezi kusema si wewe uliyecheza. Maigizo yetu ya shule hufanya kinyume. Yanamvisha baba kinyago cha ulevi, yanatuchekesha nacho, na yanamaliza kabla hakijavuliwa.

Sitaki mlevi afukuzwe jukwaani. Kicheko nacho kina kazi: humvuta mtazamaji karibu, na mtu aliyecheka hawezi kusema hakuwepo. Ninachoomba kwa walimu wanaoandaa maigizo haya ni kwamba igizo lisiishie kwenye kaulimbiu, rafiki wawili wa kilabuni warudi jukwaani asubuhi, na jirani aamke. Na mtihani wa fasihi, ambao ndio unaoamua tunasomaje, ungeweza kubadili swali moja tu. Badala ya kumtaka mtahiniwa ataje dhamira tano za tamthilia, umwambie achague mhusika mmoja aliyedhuru mwingine, aonyeshe kwa mifano kutoka katika kitabu ni wapi na wapi angeweza kuacha, na aeleze kwa nini hakuacha.